Tai Bila Samaki: Historia na Maana ya Nembo ya Zambia, Ikisomwa kutoka Kisiwa cha Chisenga

Utangulizi

Katika somo letu la lugha na ishara huwa tunawapa wanafunzi sarafu za nchi mbalimbali za Afrika Mashariki na Kati, kisha tunawataka waeleze kwa Kiswahili sanifu kile wanachokiona. Zoezi hili linaonekana jepesi, lakini huwatoa jasho. Mwanafunzi aliyezoea kusema "kuna ndege na watu wawili" hugundua kwamba hana neno la kuitia kila sehemu ya picha anayoitazama tangu utotoni.

Mwaka mmoja tuligawa sarafu ya Zambia. Tulieleza kama vitabu vingi vinavyoeleza: tai aliye juu ni ishara ya uhuru, jembe ni kilimo, sururu ni madini, mistari ya ngao ni maporomoko ya maji. Mwanafunzi mmoja, ambaye ujomba wake uko ufukoni mwa Ziwa Mweru, aliinua mkono akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: mbona tai huyu hana samaki? Kwao, alisema, tai mlasamaki asiye na samaki ni tai mwenye njaa.

Darasa lilicheka, nasi tukacheka pamoja nalo. Hata hivyo swali halikutuacha. Makala haya yanakusudia kulijibu. Tutaanza na neno lenyewe nembo, tutapita katika historia ya ngao ya Zambia tangu 1939 hadi 1964, kisha tutaisoma nembo hiyo tukiwa tumesimama Chisenga, kisiwa cha wavuvi katika wilaya ya Nchelenge. Mwishoni tutapendekeza namna ya kulifundisha jambo hili darasani.

Nembo, ngao na alama

Neno nembo halikuanza katika ofisi za serikali. Kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni alama inayochanjwa mwilini, hasa usoni, ili kumtambulisha mtu na jamii yake. Ni ndugu wa neno chale. Wamakonde na Wamakua walijulikana sana kwa nembo zao. Aliyeuona uso aliweza kujua mtu huyu ni wa wapi na ndugu zake ni akina nani. Baadaye neno hilo liliondoka kwenye ngozi likahamia kwenye karatasi, bendera na mihuri. Leo tunasema nembo ya taifa, nembo ya chuo, hata nembo ya timu ya mpira.

Safari hii ya maana inatufundisha jambo. Nembo ya mwilini haikuchaguliwa na mchanjwaji peke yake. Ilikuwa ni makubaliano ya jamii yaliyoandikwa juu ya mtu mmoja. Aidha, iliuma. Nembo ya taifa nayo huandikwa juu ya watu wengi kwa mara moja, na si wote wanaoulizwa kabla ya wembe kupita.

Huko Ulaya desturi ya ngao za utambulisho ilishika mizizi katika karne ya 12. Askari wa farasi alifunikwa chuma mwili mzima hata asitambulike, hivyo akachora alama kwenye ngao yake. Kutoka kwa askari alama hizo zilihamia kwa koo, kisha kwa miji, makanisa na falme. Katika Ujerumani desturi hiyo ilifika hadi vijijini. Hata kijiji kidogo chaweza kuwa na ngao yake yenye gurudumu la kinu, mto, mti au samaki, na mwenyeji akaweza kukueleza kila kitu kilichomo kimetoka wapi.

Sisi huku tulikuwa na njia nyingine. Pwani, dola ilijulikana kwa siwa. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe ya ndovu na ile ya Lamu ikatengenezwa kwa shaba. Mlio wake ulitangaza kwamba mamlaka yapo hapa. Bara, mamlaka yalikaa katika ngoma, viti, mikuki na usinga. Kwa hiyo tusiseme kwamba Waafrika hawakuwa na nembo mpaka wakoloni walipokuja. Tuliyoletewa ilikuwa ni ngao ya Kizungu, yenye sheria zake za rangi na mpangilio.

Wanyama wa wakoloni

Wakoloni walipogawana nchi zetu, kila koloni lilipewa alama, na mara nyingi alama hiyo ilikuwa mnyama au ndege. Tanganyika chini ya Waingereza ilipewa kichwa cha twiga. Kenya ilipewa simba mwekundu. Uganda ilipewa korongo mwenye taji. Unyasa ilipewa chui mbele ya jua linalochomoza. Wajerumani nao, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa wameandaa michoro ya ngao kwa ajili ya makoloni yao mwaka 1914, lakini vita vilianza kabla michoro hiyo haijatumika rasmi.

Tukiitazama orodha hii twaona kwamba hakuna mtu ndani yake. Nchi ilionyeshwa kwa wanyama wake, kana kwamba ilikuwa pori la kuwindia. Ndiyo maana uhuru ulipokuja, nchi kadhaa ziliingiza watu katika nembo zao. Tanzania iliweka mwanamume na mwanamke mbele ya Mlima Kilimanjaro, pamba na karafuu zikiwa miguuni pao, na wananchi wakaibatiza nembo yote kwa jina la Bibi na Bwana. Hilo ni jina la mapenzi, tena limetoka kwa wananchi wenyewe. Kenya iliweka simba wawili, lakini katikati ikaweka ngao iliyobeba jogoo mwenye shoka, na chini yake neno Harambee.

Ngao ya 1939

Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo, ilitawaliwa kwanza na kampuni ya Cecil Rhodes, kisha serikali ya Uingereza ikachukua utawala mwaka 1924. Mwaka 1939 koloni hilo lilipata ngao yake. Sehemu kubwa ya ngao ilikuwa nyeusi, na juu ya weusi huo ilishuka mistari sita myeupe yenye mawimbi. Hayo ni maporomoko ya Mto Zambezi ambayo Livingstone aliyapa jina la malkia wake, Victoria, ilhali wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa: mosi ndiye moshi wetu, na jina zima lina maana ya moshi wenye ngurumo. Maporomoko hayo yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108 hivi. Weupe ni maji, weusi ni mwamba ambao maji yanaupitia.

Juu ya ngao hiyo, katika ukanda wa buluu, alikaa tai wa rangi ya dhahabu, mabawa yameinuliwa, kichwa kimegeuka nyuma. Katika kucha zake alishika samaki mweupe.

Huyu ni tai mlasamaki, ambaye Zambia humwita nkwazi. Makazi rasmi ya Rais wa nchi hiyo mjini Lusaka yana jina lake pia. Kichwa na kifua chake ni vyeupe, tumbo ni la hudhurungi, na mabawa ni meusi. Hukaa juu ya mti ulio karibu na maji, hurusha kichwa nyuma na kulia kwa sauti inayovuka ziwa. Anapomwona samaki aliye karibu na uso wa maji, hushuka, humnyakua kwa kucha na kurudi mtini. Aliyeishi kando ya ziwa hahitaji kuelezwa kwamba ndege huyu na samaki ni pete na kidole.

Mwaka 1953 Rhodesia mbili na Unyasa ziliunganishwa katika Shirikisho ambalo Waafrika wengi walilipinga. Mwaka uliofuata Shirikisho lilipata ngao iliyochukua kipande kutoka kila nchi: jua la Unyasa, simba wa Rhodesia ya Kusini na mawimbi ya Rhodesia ya Kaskazini. Tai alipandishwa kileleni, juu ya ngao, akiwa bado na samaki wake kuchani. Shirikisho lilivunjika mwishoni mwa 1963. Ngao yake ilikwenda nalo kaburini, lakini tai hakuzikwa.

Kilichobadilika mwaka 1964

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Nembo mpya pamoja na bendera zilibuniwa na Gabriel Ellison, msanii aliyezaliwa Lusaka mwaka 1930, ambaye pia alibuni stempu nyingi za nchi hiyo. Hapo ndipo tunapopaswa kutazama kwa makini, kwa sababu historia ya nembo haimo tu katika kile kilichomo, bali pia katika kile kilichobakizwa, kilichoongezwa na kilichotolewa.

Kilichobakizwa ni maji. Ngao nyeusi yenye mawimbi meupe ilibaki, nayo sasa ikajaa ngao nzima. Kilichohamishwa ni tai. Alitoka ndani ya ngao akawekwa juu yake, mabawa wazi, na nafasi yake rasmi ikaelezwa kuwa ni ishara ya uhuru na uwezo wa taifa kupaa juu ya matatizo yake. Tai huyohuyo aliwekwa pia katika bendera, juu ya michirizi ya rangi nyekundu, nyeusi na ya chungwa. Umbo lake na rangi ya kijani vilirekebishwa mwaka 1996.

Vilivyoongezwa ni vingi. Jembe na sururu zilipishanishwa chini ya tai: jembe kwa mkulima, sururu kwa mchimba madini. Pande mbili za ngao walisimama mwanamume aliyevaa shati na kaptula, na mwanamke aliyevaa vazi la kienyeji. Chini yao, kwenye ardhi ya kijani, kulichorwa hindi, mnara wa mgodi na punda milia, yaani kilimo, madini na wanyamapori. Kwenye utepe iliandikwa kwa Kiingereza kaulimbiu ya kupigania uhuru: Zambia moja, taifa moja.

Kilichotolewa ni samaki. Tai wa 1939 alikuwa naye. Tai wa 1954 alikuwa naye. Tai wa 1964 hana. Wala hakuna mtumbwi, wala wavu, wala ndoana mahali popote katika nembo hii ya nchi yenye maziwa ya Mweru, Bangweulu na sehemu ya Tanganyika.

Je, msanii alimwondoa samaki kwa makusudi ili kuwasahau wavuvi? Hatusemi hivyo. Kwa jicho la mwaka 1964, samaki katika kucha za tai aliweza kusomeka kama nchi ndogo iliyonaswa na dola kubwa. Taifa lililotoka kwenye makucha ya ukoloni halikuhitaji picha ya mawindo juu ya kichwa chake. Tai mwenye kucha tupu ni huru, na hamdhulumu mtu. Huo ni usomaji wetu, nao una mantiki yake. Lakini ishara ikibadilika kwa sababu nzuri, bado yafaa kuuliza ni nani aliyepungukiwa.

Tukisoma kutoka Chisenga

Wilaya ya Nchelenge iko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula. Ndani ya wilaya hiyo mna visiwa viwili vinavyokaliwa na watu wengi, Kilwa na Chisenga. Ziwa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5,120, na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita ndani ya maji. Ng'ambo ni Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Upande wa Nchelenge watu husema lugha za jamaa ya Kibemba, lakini mvuvi na mchuuzi anayevuka ziwa hajui kusoma mpaka juu ya mawimbi, na Kiswahili cha Kongo hufika hadi soko la Kashikishi pamoja na mizigo ya biashara.

Basi Chisenga ni mahali ambapo nembo mbili hukutana. Upande mmoja kuna tai wa Zambia. Upande wa pili kuna kichwa cha chui, pembe ya ndovu na mkuki, nembo ambayo Kongo iliirasimisha mwaka 2006. Mvuvi mmoja anaweza kushika kwa siku moja karatasi yenye muhuri wa tai na nyingine yenye muhuri wa chui. Kwake muhuri ni kibali, ada au faini kabla haujawa uhuru au haki.

Kuna jambo jingine ambalo ramani hulionyesha na nembo haisemi. Maji yaliyochorwa katika ngao ya Zambia ni ya Zambezi, nayo huishia katika Bahari ya Hindi. Maji ya Mweru si hayo. Mto Luapula huingia katika ziwa, kisha hutoka kwa jina la Luvua, hujiunga na mfumo wa Mto Kongo na kwenda Bahari ya Atlantiki. Mtu wa Chisenga akiitazama ngao ya nchi yake anaona maji, lakini si maji anayoyanywa. Kitu pekee katika nembo ambacho kinaishi kwake kila siku, kikilia juu ya mti alfajiri, ni tai. Na tai huyo amepokonywa kitoweo.

Kapu la udongo na chungu cha maji

Watu wa Luapula walikuwa na nembo yao kabla ya zote hizi, ijapokuwa haikuchorwa. Simulizi za bonde hilo husema kwamba Washila, wavuvi wa Mweru na visiwa vyake, walikuwa chini ya mtawala wao Nkuba. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti. Kwa uchungu, Nachituti alikwenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda waliokuwa wamevuka Luapula kutoka magharibi katika karne ya 18, akaomba alipiziwe kisasi. Nkuba akauawa. Kwa shukrani Nachituti akampa Mwata kapu la udongo na chungu cha maji. Udongo ulikuwa nchi, na maji yalikuwa ziwa pamoja na samaki wake.

Tuitazame zawadi hii kama wanafunzi wa ishara. Kapu na chungu ni vyombo vya mwanamke, vya jikoni na shambani. Humo ndimo dola zima lilimotiwa na kukabidhiwa. Mamlaka yalitoka kwa mama aliyefiwa, na yalikuwa na masharti: aliyepokea maji amepokea pia dhamana ya wale wanaokula kutoka ndani yake. Hadi leo, kila mwezi wa Julai, Walunda hukusanyika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko, ambapo Mwata hucheza akiwa na silaha mkononi kukumbuka ushindi wa mababu zake. Silaha ni kumbukumbu ya vita. Kapu na chungu ni kumbukumbu ya sababu ya kutawala.

Tukumbuke pia kwamba baraza la Kazembe lilijulikana na Waswahili mapema. Livingstone alipofika Mweru tarehe 8 Novemba 1867, baada ya kusafiri pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, alimkuta kwa Kazembe mfanyabiashara Muhammad bin Salih aliyekuwa amekaa huko kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Tippu Tip alikuwa amempiga Nsama katika nchi ya Itawa, mashariki ya ziwa, vita alivyovisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika tawasifu yake. Lugha yetu ilifika Mweru ikiwa imebeba shanga na nguo, na pia bunduki na minyororo. Mwalimu wa Kiswahili asifundishe nusu ya kwanza akaificha ya pili.

Sururu ilikula nini?

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wetu. Nembo ya Zambia inatukuza sururu, na ina haki ya kufanya hivyo, kwani shaba ndiyo iliyojenga uchumi wa nchi. Lakini mchimba madini hakuchimba kwa tumbo tupu.

Migodi ya Katanga ilipokua, wafanyakazi walihitaji kitoweo cha bei nafuu. Wafanyabiashara Wagiriki waliweka makao Kasenga, upande wa Kongo wa Mto Luapula, wakanunua samaki wa Luapula na Mweru na kuwapeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Baadaye soko la miji ya shaba ya upande wa Zambia nalo lilifunguka. Samaki aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu, ambaye hupanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Kumvua wakati huo kulikuwa rahisi, na hapo ndipo penye msiba wake. Uvuvi ulipamba moto katika miaka ya 1940, na muda si mrefu makundi ya mpumbu yakatoweka.

Wavuvi waligeukia zaidi aina nyingine, wakiwemo pale, ambao ni jamaa ya perege. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 samaki mdogo aitwaye chisense, anayefanana na dagaa wetu, alianza kuvuliwa kwa wingi usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa juani. Chisense aliwafungulia wanawake wengi mlango wa biashara, kwa kuwa hakuhitaji mtaji mkubwa wala barafu. Serikali nayo imeweka msimu wa kufunga uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi hiyo mitatu familia nyingi za Chisenga na Nchelenge hujikaza, na anayevua kwa siri huhesabiwa mhalifu ndani ya ziwa la mababu zake.

Kwa hiyo sururu iliyo juu ya ngao ilisimama kwa muda mrefu juu ya mgongo wa samaki asiyechorwa. Mkono ulioishika ulilishwa, kwa sehemu, na wavu wa mtu wa Mweru. Nembo inatuonyesha mchimbaji na mkulima, lakini aliyewapa kitoweo amebaki nje ya picha, pamoja na mwanamke anayeanika chisense juu ya mchanga.

Hapa ndipo penye uzito wa swali. Tai asiye na samaki ni picha nzuri ya uhuru kwa anayeishi mjini. Kwa anayeishi kisiwani ni tahadhari. Ndege huyo hawezi kukaa mahali ambapo samaki wamekwisha; akihama, uhuru utakaobaki ni ule wa kwenye sarafu. Mwaka 1964 msanii alimwondoa samaki kwenye karatasi. Kazi ya kizazi hiki ni kuhakikisha kwamba hatumwondoi ziwani pia.

Lugha ya utepe

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, hatuwezi kumaliza bila kugusa maneno yaliyo chini ya nembo. Tanzania iliandika Uhuru na Umoja. Kenya iliandika Harambee. Uganda na Zambia ziliandika kwa Kiingereza, na Kongo kwa Kifaransa. Wapo wanaoharakisha kuilaumu Zambia kwa hilo. Tusiharakishe. Nchi hiyo inatambua lugha saba za Kiafrika katika elimu na utangazaji: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kuchagua moja kwa ajili ya utepe kungeonekana kuzikana sita, tena katika sentensi inayohubiri umoja. Tanganyika ilikuwa na bahati ya kuwa na lugha ambayo haikuwa ya kabila moja kubwa. Bahati hiyo tuishukuru, tusiigeuze kuwa majivuno.

Vilevile tunaona kwamba tai mlasamaki si mali ya nchi moja. Yumo katika nembo ya Malawi, katika ile ya Namibia ya mwaka 1990, na katika ile ya Sudan Kusini ya mwaka 2011. Ndege mmoja, nembo nne, na kila nchi imempa maana yake. Hii ni hoja nzuri ya kuwafundishia wanafunzi kwamba maana haikai ndani ya ishara kama punje ndani ya ganda. Watu ndio wanaoiweka, na watu ndio wanaoweza kuihoji.

Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba nembo ya Zambia imepita mikono mitatu: ya koloni mwaka 1939, ya Shirikisho mwaka 1954 na ya taifa huru mwaka 1964. Maji yalibaki, tai alipanda, watu na zana zao waliingia, na samaki akatoka. Kijiji cha Ujerumani chaweza kuwa na ngao yake chenyewe, Chisenga haina. Lakini Chisenga ina kapu la udongo na chungu cha maji katika kumbukumbu ya Luapula, na ina haki ya kuisoma nembo ya taifa kwa macho yake.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi dogo. Kwanza, wanafunzi waeleze nembo ya nchi yao kwa Kiswahili, sehemu moja baada ya nyingine, bila kutumia maneno "kitu" wala "hicho". Pili, watafute nembo iliyotangulia na waandike yaliyobakizwa, yaliyoongezwa na yaliyotolewa. Tatu, wamwulize mzee mmoja wa kwao, mkulima, mvuvi au mfugaji, anajiona wapi katika picha hiyo, na waandike jibu lake kama alivyolisema. Hapo somo la msamiati litageuka kuwa somo la historia, na mwanafunzi atajifunza kuuliza kabla ya kukariri.

Sisi wenyewe tulikuwa tumekariri. Kwa miaka mingi tulisema "tai ni uhuru" tukapita, na sarafu ilikuwa mkononi mwetu wakati wote. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwanafunzi aliyeuliza ameshahitimu, lakini swali lake tumelibakiza katika mtaala wetu, na kila mwaka tunapogawa sarafu tunasubiri kuona ni nani atakayekuwa wa kwanza kumtafuta samaki.